Kuunda Gari ya Spoti ya Kizamani Uani Kwako Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kutoka na hiki kigari Sakina kwenda mjini sijawahi kusimama kujaza mafuta bila kuulizwa maswali yale yale, mengine na watu wazima na mengine na watoto wa shule, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mimi si injinia wala fundi wa kusomea, kazi yangu ni uhasibu. Gari nimeiunda jioni na wikiendi kwenye banda la bati nyuma ya nyumba, miaka mitatu na ushee. Nilipoharibu nimesema nimeharibu.

Mkuu hii ni gari gani hasa, Mchina?

Hapana. Ni kopi ya Lotus Seven ya Uingereza. Ya kwanza ilitoka 1957, kazi ya Colin Chapman, na imani yake ilikuwa ukipunguza uzito huhitaji injini kubwa. Ile gari ilikuwa karibu nusu tani tu, viti viwili, milango hakuna, taa zimetokeza nje kama macho ya kaa. Na wengi waliinunua ikiwa vipande wakaifunga wenyewe nyumbani, sababu gari iliyokamilika ilikuwa inalipiwa kodi ya manunuzi ila vipande havilipiwi. VAT ilipoingia kule 1973 ule ujanja ukafa, na mwaka huohuo Caterham wakachukua haki ya kuitengeneza na mpaka leo wanaitoa. Kwahiyo ukiiona imefungwa kwenye banda la mtu usicheke, ndo ilivyozaliwa.

Kwa nini usifanye Cobra? Ile ndo gari bwana.

Najua ni nzuri. Cobra ni ya 1962, Carroll Shelby alichukua bodi ya AC ya Uingereza akaitia V8 ya Ford, na nadhani ndo gari iliyoigizwa kuliko zote duniani. Shida ni kwamba bodi yake yote ni mikunjo, maana yake moldi kubwa za faiba na miezi ya kusugua msasa, afu utafute V8 na uilishe. Wengine wananiuliza ya Porsche Speedster, ile inajengwa juu ya sakafu ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, unaikata katikati maana kobe ina kama mita 2.4 toka ekseli hadi ekseli na Porsche ina 2.1. Kazi nzuri, ila zile Volkswagen zilizokuwa zinashinda Safari Rally miaka ya 1950 leo ukimkuta mzee anayo hakuuzii, na akikuuzia utaona aibu kuikata.

Seven ni mabomba ya mraba, bati la alumini lililonyooka, na vipande vichache vya faiba, yaani pua na madigadi. Mtu anayeweza kutengeneza geti zuri ana nusu ya ujuzi tayari.

Nianzie wapi?

Anzia dukani, usianzie kwenye picha. Mimi nina sheria moja ambayo niliiandika kwa mkaa ukutani bandani: kipuri ambacho siwezi kukifuata kwa bodaboda nikiwa nimevaa ndala, sikifungi. Yaani kila kitu kinachoisha au kinachovunjika, pedi za breki, bushi, boljointi, pampu ya maji, klachi, kiwe kinapatikana kwenye maduka ya Unga Limited hapa mjini au basi la asubuhi litakiletea kutoka Dar. Nimeona jamaa ana gari kali sana Moshi, sitamtaja, imelala mwaka wa pili inasubiri sili ya giaboksi kutoka nje. Sili tu.

Kwahiyo kabla hujanunua hata bomba moja, zunguka wiki mbili kwenye maduka ya spea uulize nini kipo kwa wingi, afu ndo uchore gari yako kuzunguka hivyo vitu.

Gari gani ni nzuri ya kuchinja?

Kuchinja ni kuivunja uchukue vipuri. Unataka yenye kusukuma kwa nyuma, nyepesi, na ya kawaida. Waingereza walikuwa wanachinja Ford Escort za zamani. Kwetu jibu langu ni Corolla DX, ile KE70 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina kila kitu unachohitaji: injini ya K mbele, giaboksi yenye mlingoti wa gia juu yake moja kwa moja, difu nyembamba nyuma inayokaa kwenye springi za koili, breki za diski mbele.

Yangu niliikuta Usa River shambani kwa mzee mmoja, imeegeshwa chini ya mgomba, kuku wanatagia siti ya nyuma. Mzee aliniuzia kwa sharti moja, nimsubirie kuku amalize kuatamia. Nilisubiri, wiki mbili na siku kadhaa, na nilivyorudi alikuwa ameshaisafisha matope yote akidhani naenda kuitengeneza iwe vile vile. Sikuwa na moyo wa kumwambia naenda kuikata.

Altezza ukiipata ya ajali pia ni kitu kizuri, ila chukua yenye silinda nne, ile 3S-GE, na gia za mkono. Ile ya 1G yenye silinda sita kwenye mstari mmoja ni ndefu na nzito kwa pua ya Seven, utaanza kurefusha chesisi na ukianza kurefusha hujui utaishia wapi. Na uchukue kontrol boksi yake, hanesi yote (fungu la waya za gari), na funguo, usimwachie muuzaji hata waya.

Injini ya DX si ndogo sana?

4K, yaani injini ya DX, ina cc 1,290 na ndiyo, ni ndogo, ila inabeba nusu ya uzito ilioizoea. Uzuri wake ni ukoo: 5K ya cc 1,486, ile ya kwenye vigari vya mizigo, inakaa kwenye giaboksi ile ile ya DX. Mimi nimeweka 5K. Angalizo, chukua injini tu, usichukue giaboksi ya kigari ambacho injini iko chini ya siti, mlingoti wake wa gia unaendeshwa na vyuma virefu kutoka pembeni na kwenye gari ya chini hivi utahangaika nao mpaka uuze.

Chesisi natumia bomba gani, na arki ya kawaida (mashine ya kuchomelea ya fimbo) inatosha?

Skwea paipu ya inchi moja, milimita 25 kwa 25, unene 1.5. Nenda na vernia, kile kipimo cha unene, mfukoni. Mimi niliuziwa "moja nukta tano" ambayo nilipofika nyumbani ikawa 1.2, na fundi wa geti hilo halimsumbui ila wewe utalikalia hilo bomba ukiwa spidi 100. Pia usinunue zilizopakwa zinki, moshi wake ukichomelea unakupa homa ya usiku kucha, na wengi wanafikiri ni malaria.

Arki inatosha ukiwa mvumilivu. Fimbo za milimita 2.0, sio 2.5, moto mdogo, kama ampia 50 au 60, na mazoezi kwenye vipande vya takataka mpaka uache kutoboa. Mashine ya gesi ni bora zaidi kwa bomba jembamba. Kama hujawahi kuchomelea kabisa, kuna kozi fupi VETA, nenda. Au kata na upange wewe, ubandike nukta nukta, afu umlete fundi mzoefu afunge joint zote siku moja chini ya macho yako.

Sasa kosa langu kubwa ni hapa. Nilibandika upande wa kulia wote, nikaona raha, nikaufunga kabisa jioni ileile. Chuma kikichomelewa kinavuta. Kesho yake napima kona kwa kona, huku na huku, tofauti milimita 11. Kumi na moja! Gari ingetembea kama kaa. Nilikata joint tisa kwa grinda na kuanza upya. Utaratibu ni huu, bandika gari NZIMA kwanza kwa nukta, pima diagonali zote, afu funga joint moja mbele kulia, inayofuata nyuma kushoto, unarukaruka hivyo hivyo na unapima kila baada ya chache. Inachosha, ndiyo.

Na meza ya kujengea?

Meza ndo kila kitu, chesisi inarithi upotofu wa meza. Yangu ni mbao nene ya plaiwudi juu ya vyuma viwili vya H, na niliipima kwa pima maji ya mkononi nikaridhika. Jirani yangu ni fundi ujenzi, siku moja amekuja kuazima toroli akaiangalia akasema mhasibu hiyo meza yako imelala. Nikabisha. Akaenda akaleta mpira wake mwembamba unaoona ndani, ule wa kupimia msingi, akaujaza maji, akanipa ncha moja nishike kona ya huku, yeye akaenda na nyingine kona ya kule. Maji hayabishani. Kona yangu ilikuwa juu kwa unene wa kidole. Tulikata vigae tukaweka chini ya miguu mpaka maji yakalingana kona zote nne, dakika ishirini tu, na toroli akalisahau.

Boliti za dukani zinafaa?

Angalia kichwani. Kama imepigwa 8.8, sawa kwa mikono ya magurudumu. Kama kichwa ni kitupu, hiyo ni ya kufungia makochi. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, na ukishafungua usirudishie ile ile. Boliti za mikanda ya siti usinunue kabisa, chomoa kwenye gari uliyochinja, zina nyuzi zake tofauti na zimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Breki ulifanyaje?

Taratibu. Mambo matatu tu ndo nasisitiza.

La kwanza, mistari miwili, ya mbele mbali na ya nyuma mbali, masta silinda ya DX inafanya hivyo yenyewe. La pili, usikubali fundi akufungie paipu ya kopa ya friji. Najua wanafanya, najua inakunjika vizuri, ila kopa tupu ikitikiswa inakuwa ngumu na siku moja inapasuka, na haitapasuka ukiwa umeegesha. Paipu ya breki ni ya breki. La tatu, majaribio. Gari imekuwa nyepesi na dereva amekaa karibu na ekseli ya nyuma, kwahiyo mgawanyo wote umebadilika. Tafuta sehemu ya wazi isiyo na watu, ya changarawe, spidi 30, kanyaga kwa nguvu huku mtu anaangalia kwa pembeni. Magurudumu ya mbele lazima yakwame kabla ya nyuma. Nyuma zikikwama kwanza gari inageuka kukutazama ulikotoka.

Buster (kile kisaidizi cha pedali ya breki) nimetoa, kwa uzito huu haihitajiki, pedali ni ngumu kidogo tu.

Na ukiwa hapo hapo, shafti ya steringi HAICHOMELEWI. Tumia jointi zenye meno za gari ya kiwandani ukazifunge na boliti zake.

Gari ikipanda tuta steringi inajikata yenyewe, ni nini?

Steringi boksi lako liko juu sana au chini sana, au refu au fupi. Taidrodi inatakiwa ipande na kushuka kwa njia moja na mikono ya gurudumu. Toa springi, funga ubao ulionyooka kwenye habu, inua gurudumu kwa jeki toka chini mpaka juu na uangalie kama ubao unageuka. Ukigeuka, sogeza boksi kidogo kidogo mpaka utulie. Nilitumia Jumapili mbili kwa hilo na sioni aibu. DX ina shokapu za kusimama mbele, kwahiyo kwenye mikono miwili ya Seven nako zake (vyuma vinavyobeba habu) zinahitaji kofia ya chuma juu ili boljointi ikae, nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma na mchoro wenye vipimo, sio maneno.

Hiyo gari inapitaje kwenye matuta yetu?

Swali zuri kuliko yote na kwenye michoro ya Wazungu halipo. Seven ya kawaida sampu yake, yaani beseni la oili chini ya injini, inaning'inia kama sentimita 10 toka ardhini. Mimi nilichukua kamba, rula na mtoto wa dada yangu, tukaenda kupima matuta ya njia ninazopita, kamba unaivuta juu ya tuta toka gurudumu la mbele lilipo hadi la nyuma na unapima chini yake. Bodaboda wa pale kituoni walidhani tunatoka halmashauri, mmoja akatuomba tulipunguze.

Nilichokipata: gari fupi ina bahati. Seven ina kama mita 2.2 tu ekseli kwa ekseli, kwahiyo tuta haliingii sana katikati ya tumbo, gari refu ya chini ingekwama. Nikainua ya kwangu mpaka sentimita 16 kwa namna mbili. Tairi zenye ukuta mrefu kidogo, na sampu nimeikata ikawa fupi nikaipanua pembeni ili mafuta yabaki kiasi kile kile. Ukikata sampu, bomba la kunyonya mafuta nalo lifupishwe, liache nafasi ndogo toka chini, usilibandike kwenye sakafu litajinyima. Chini ya sampu nimeweka sahani ya chuma. Ina michubuko mitano mpaka sasa, yote ya Tengeru.

Ndiyo, ukiinua gari unapoteza kidogo kwenye kona. Sawa. Mimi sikimbizani na mtu.

Faiba naweza kufanya mwenyewe?

Pua na madigadi, ndiyo. Moldi, nta ya kutosha (usiwe bahili wa nta, nimeng'oa pua vipande vipande), jelkoti (tabaka la nje), afu mati za nyuzi za faiba na rezini. Kichocheo kinakuwa asilimia 1 hadi 2 ya rezini, pima kwa sirinji ya duka la dawa. Kama rezini yako inauzwa na kobalti pembeni, kobalti na kichocheo visikutane vyenyewe kwa vyenyewe hata tone, vinalipuka. Changanya kobalti kwenye rezini kwanza, koroga, ndo uje kichocheo. Miwani vaa, kichocheo kikiingia jichoni ni habari nyingine.

Afu kuna baridi. Maelekezo ya kopo yanaandikwa kwa joto la kama nyuzi 20 na kitu, sasa wewe umeamka Julai Arusha, ukungu umekaa juu ya bati, bandani ni nyuzi 12. Pua yangu ya kwanza ilibaki inanata siku mbili, na nyumba nzima inanuka mpaka mama watoto akahamishia jiko uani. Jirani mmoja, mwema tu, akaniletea jiko la mkaa limekolea niliweke chini ya moldi. Nilimkimbilia getini kumzuia, ule mvuke unashika moto! Subiri mchana wa jua, au fanya kazi Januari. Watu wa Moshi hili haliwahusu sana, nyie mna joto lenu.

Injini inakosa nguvu, au ni mimi?

Ni mlima. Hapa mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Ukiwa na kabureta kuna la ziada, hewa ikiwa nyepesi mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi. Tyuni hapa hapa unapoendeshea. Mimi nilibana jeti (kitundu cha mafuta kwenye kabureta) mpaka ikaimba vizuri Arusha, nikashuka nayo Moshi ambako ni chini kwa mita mia tano na zaidi, ikaanza kukohoa kwenye mafuta membamba na kupata joto maeneo ya Boma Ng'ombe. Nimeachia katikati, nusu furaha huku nusu furaha kule.

Umeme wa gari?

Punguza hanesi ya DX, usianze waya mpya kama hujui. Fyuzi kila mstari, na earth ya kutosha kwa kuwa pua ni faiba na haipitishi umeme, taa zangu zilikuwa zinapepesa mwezi mzima kwa sababu hiyo tu.

Usajili je? Nitaendeshaje barabarani?

TRA ndo wanaosajili magari, kwahiyo nenda kwao KABLA ya kukata, sio baada, na picha za gari, kadi, mkataba wa mauziano na mchoro wa unachotaka kufanya, uulize kwa barua ili ujibiwe kwa barua. Traffic nao waone gari kabla haijatembea. Hakikisha kadi ina jina la anayekuuzia. Namba ya chesisi usiiguse kwa grinda wala kuihamisha kienyeji, na risiti za kila bomba weka, mhasibu anakwambia. Ukiagiza kit nzima (seti ya vipande vya kufunga mwenyewe) toka nje, VAT peke yake ni asilimia 18, juu ya ushuru, piga hesabu hiyo kabla hujashikana mkono na muuzaji. Na uagize steringi ya kulia, kit nyingi za Marekani ni za kushoto.

Kwa usalama wa kawaida mimi nilifuata kitu kimoja cha ukaguzi wa Waingereza, kona yoyote ya nje inayoweza kumgusa mtu iwe imeviringwa angalau milimita 2.5. Watoto wanaishika shika gari hii kila inaposimama, hakuna aliyechanika.

Nembo ya Lotus usibandike. Sio Lotus.

Sh ngapi yote?

Bei zinabadilika kwahiyo nakupa mgawanyo wa daftari langu. Gari ya kuchinja na injini, karibu theluthi. Vyuma, alumini na faiba havikufika robo, na hapo ndo kila mtu anadhani hela inaisha. Iliyobaki yote ni vitu vidogo: nati, ribiti, paipu, rangi, diski za grinda, tairi, nauli, soda za mafundi. Diski za grinda peke yake nilinunua 64.

Shemeji anasemaje?

Anaiendesha Jumamosi kwenda sokoni Kilombero, hapa hapa Arusha. Kikapu kinakaa mapajani kwa abiria.

Kwahiyo imeisha?

Inatembea tangu Februari. Waipa ya kushoto bado, mota ya DX inagonga tanki la maji ya breki na nimeshaigeuza mara tatu. Leo asubuhi Meru haukuonekana kabisa, na turubai la kufunika nalo sijashona.